AMRI MOJA KWA SEVA NYINGI: MANUFAA YAKE NA HADHARI ZINAZOPASA

Watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba wanafahamu kwamba shughuli nyingi ambazo zamani ziliandikwa katika majalada na madaftari hivi leo zimo ndani ya kompyuta. Mishahara na pencheni, vizazi na vifo, leseni na ada, na kumbukumbu za wagonjwa, aghalabu hutunzwa katika kompyuta maalumu ziitwazo seva, ambazo kazi yake ni kuhifadhi habari na kuzihudumia kompyuta nyingine. Jambo lisilojulikana sana ni namna seva zenyewe zinavyotunzwa. Makala haya yanaeleza sehemu moja ya utunzaji huo, nayo ni vipi msimamizi wa mfumo, akiwa amekaa katika meza moja, huweza kutoa amri moja ikatekelezwa na seva nyingi kwa wakati mmoja, na kwa nini uwezo huo unahitaji nidhamu kubwa kuliko ule wa kushughulikia mashine moja.

HAJA YA AMRI YA MBALI

Seva hukaa katika chumba kilichofungwa, chenye baridi na umeme wa akiba, na huweza kupita miezi mingi bila ya mtu kuigusa. Tuchukulie mfano wa idara yenye seva 12, nane zikiwa Unguja na nne zikiwa Pemba. Imetolewa programu ya kuziba ufa wa usalama, na kila seva inahitaji kuwekewa programu hiyo. Iwapo fundi ataziendea mwenyewe moja moja, na kila moja ikamchukua dakika 20, kazi hiyo itahitaji saa nne kamili, mbali na safari ya boti ya kwenda na kurudi. Muda wote huo seva ambazo hazijafikiwa zitakuwa wazi kwa yeyote anayeujua ufa huo. Kwa amri ya mbali, kazi hiyo hiyo humalizika kwa dakika chache.

Faida ya pili ni usawa. Mtu anayerudia kazi moja mara 12 huchoka, na huenda mara ya tisa akairuka hatua moja bila ya kujitambua. Amri iliyoandikwa mara moja na kupelekwa kwa zote hutekelezwa kwa namna moja katika kila seva. Msimamizi akitaka kujua ni zipi zilizokaribia kujaa, au ni zipi ambazo saa zake hazikubaliani, huuliza swali moja tu na kupata majibu 12.

NJIA ILIVYOANZA NA ILIVYOIMARISHWA

Kuagiza kompyuta kutoka mbali si jambo geni. Mwaka 1983 mfumo wa Unix uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulitoka na programu iitwayo rsh, iliyomwezesha mtu kutekeleza amri katika kompyuta nyingine kupitia mtandao. Programu hiyo ilikuwa nyepesi kutumia, lakini iliamini kupita kiasi. Kompyuta iliyoandikwa katika orodha ya marafiki iliweza kuruhusiwa kuingia bila ya kuulizwa neno la siri, na yote yaliyosemwa baina ya kompyuta mbili yalipita waziwazi. Mtu aliyeweza kuutega mtandao aliweza kuyasoma yote, kama barua iliyopelekwa bila ya bahasha.

Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Finland, ulitegwa na maneno ya siri yakaibiwa. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, alitengeneza programu mpya iitwayo SSH na kuitoa kwa watu mwezi wa Julai mwaka huo huo. Mwezi wa Disemba 1999 wasanifu wa mfumo wa OpenBSD walitoa programu yao ya aina hiyo, OpenSSH, ambayo hadi leo ndiyo inayotumika katika seva nyingi sana duniani.

SSH huyafumba maneno yote kabla ya kuyasafirisha, hata atakayeyatega asipate maana. Kadhalika humwezesha msimamizi kutumia jozi ya funguo pahala pa neno la siri. Ufunguo mmoja ni wa hadhara, nao huwekwa katika kila seva mfano wa kufuli. Wa pili ni wa siri, nao hubaki kwa msimamizi peke yake. Msimamizi anapobisha hodi, seva humtaka athibitishe kuwa anao ufunguo unaolingana na kufuli hiyo, na uthibitisho huo hufanyika bila ya ufunguo wa siri kuondoka mikononi mwake. Kwa njia hii mtu mmoja huweza kuingia katika seva 12 au 1,200 bila ya kuandika neno la siri mara 1,200.

NAMNA TATU ZA KUTOA AMRI

Namna ya kwanza ni ya mzunguko. Msimamizi huandika orodha ya seva, na programu ndogo huingia katika seva ya kwanza, hutekeleza amri, hutoka, kisha huiendea ya pili, mpaka orodha imalizike. Namna hii ni ya polepole, lakini kosa likionekana katika seva ya pili, kumi zilizobaki bado zi salama.

Namna ya pili ni ya sambamba, ambapo seva zote hupelekewa amri kwa wakati mmoja. Zipo programu ambazo humfungulia msimamizi madirisha mengi katika skrini yake, na kila herufi anayoibonyeza huandikwa katika madirisha yote. Wepesi wake ni mkubwa, na hatari yake ni kubwa vile vile, kwani kosa halipati nafasi ya kuonekana kabla ya kuenea.

Namna ya tatu ni ya kueleza hali inayotakiwa badala ya kuamuru kitendo. Mwasisi wake anayejulikana sana ni Mark Burgess, aliyetengeneza programu ya CFEngine mjini Oslo, Norway, mwaka 1993. Programu nyingine zilifuata, na miongoni mwake ni Ansible, iliyotolewa mwaka 2012, ambayo hupita juu ya SSH na isipoelekezwa vyenginevyo hushughulikia seva tano tano.

Tafauti baina ya kitendo na hali inafahamika kwa mfano wa taa. Ukimwambia mtoto "bonyeza swichi", naye akabonyeza mara mbili, taa itawaka kisha itazimika. Ukimwambia "taa iwe inawaka", atakapokuta inawaka hataigusa, hata ukimrudia mara kumi. Amri ya namna hii ya pili hurudiwa bila ya madhara, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu katika kazi ya seva nyingi ni kawaida mawasiliano kukatika katikati na msimamizi akalazimika kuanza upya.

AMRI SI WARAKA

Watumishi wa Serikali wanaujua vyema waraka. Wizara hutoa maandishi mamoja, na tarishi huyafikisha katika idara 20. Hata hivyo, waraka una kinga moja ambayo amri ya kompyuta haina. Ukiandikwa kwa kosa kwamba ripoti ziwasilishwe tarehe 31 Juni, angalau mkuu mmoja wa idara atapiga simu kuuliza, kwa kuwa Juni haina siku 31. Seva haipigi simu. Amri ikiwa sahihi katika maandishi yake, seva huitekeleza papo hapo, hata kama matokeo yake ni kufuta kazi ya miaka kumi. Matukio matatu yaliyotangazwa duniani yanaonyesha pande tatu za hatari hiyo.

La kwanza ni amri kuzifikia seva nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Tarehe 28 Februari 2017, mtumishi wa kampuni ya Amazon nchini Marekani, aliyekuwa na idhini na aliyefuata utaratibu uliozoeleka, alitoa amri ya kuondoa seva chache katika huduma ya kuhifadhi habari iitwayo S3. Sehemu moja ya amri hiyo iliandikwa vibaya, na seva zilizoondolewa zikawa nyingi zaidi. Huduma hiyo, ambayo tovuti na kampuni nyingi ziliitegemea, ilivurugika kwa takriban saa nne na robo. Baadaye kampuni iliibadilisha programu yake ili iondoe seva polepole zaidi, na ikatae kabisa pale idadi inapokaribia kushuka chini ya kiwango cha lazima.

La pili ni kinyume chake, nalo ni amri kuikosa seva moja. Kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyofanya biashara ya hisa, iliweka programu mpya katika seva zake mwishoni mwa Julai 2012. Seva zilikuwa nane. Fundi aliiweka katika saba na kuisahau moja, na hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka fundi wa pili ahakikishe. Katika seva hiyo ya nane ilibaki programu ya zamani ambayo kampuni iliacha kuitumia tangu mwaka 2003. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti, kabla ya soko kufunguliwa, mitambo ilituma barua pepe 97 zenye kuashiria kosa, wala hazikushughulikiwa. Soko lilipofunguliwa, seva ile moja ilianza kununua na kuuza bila ya kikomo. Katika kuhangaika kutafuta dawa, mafundi waliiondoa programu mpya katika zile seva saba zilizokuwa sawa, na maradhi yakaenea kwa zote. Kwa muda wa dakika 45 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 460. Mwaka uliofuata ilitozwa faini ya dola milioni 12, na ikaungana na kampuni nyingine.

La tatu ni amri kuikata njia ambayo yenyewe inapitia. Tarehe 4 Oktoba 2021 kampuni ya Facebook, ambayo baadaye mwezi huo huo ilijiita Meta, ilikuwa katika matengenezo ya kawaida ya mtandao wake. Amri iliyokusudiwa kupima uwezo wa mtandao huo ilivikata vituo vyake vyote kwa mpigo. Kulikuwa na programu ya kukagua amri kama hizo na kuzizuia, lakini nayo ilikuwa na kasoro. Mafundi hawakuweza kurekebisha kutoka mbali kwa kuwa njia ya mbali ndiyo iliyokatika, na iliwapasa kwenda kwenye majengo yenyewe na kupita milango yenye ulinzi mkali. Kwa takriban saa sita Facebook, WhatsApp na Instagram zilinyamaza. Wakaazi wengi wa visiwa hivi watakumbuka jioni hiyo, kwani kwa saa za Afrika Mashariki ukimya ulianza wakati wa magharibi na kuendelea hadi baada ya saa sita usiku.

Ifahamike kwamba katika matukio yote matatu hakukuwa na mwizi wala adui. Walikuwamo mafundi wenye ujuzi, wenye idhini, wakifanya kazi zao za kila siku. Kwa hiyo kinga haitokani na kuajiri watu hodari peke yake, bali inatokana pia na utaratibu unaomtarajia mtu hodari kukosea.

HADHARI ZINAZOPASA

Kwa faida ya wakuu wa idara ambao si mafundi, lakini ambao mafundi wako chini yao, zifuatazo ni hadhari zinazokubalika katika kazi hii.

1. Orodha ya seva iwe sahihi na iwe na makundi. Seva za majaribio zisichanganywe na seva za kazi, na za kituo kimoja zisichanganywe na za kituo kingine. Kabla ya amri nzito, fundi aitoe kwanza orodha ya seva zitakazoguswa, aisome, na aihesabu.

2. Amri ianze kwa mmoja. Itekelezwe katika seva moja ya majaribio, kisha seva moja ya kazi, kisha chache, kisha zilizobaki. Baina ya hatua na hatua pawepo muda wa kutazama matokeo. Tahadhari huja kabla ya hatari.

3. Majibu yahesabiwe. Zamani tarishi alibeba daftari, na kila aliyepokea barua alitia saini. Msimamizi naye afanye hivyo: ikiwa amri imepelekwa kwa seva 12 na zilizojibu ni 11, kazi haijamalizika. Itafutwe ile iliyonyamaza, ijulikane kwa nini imenyamaza, na kazi isifungwe kabla ya hapo.

4. Amri za kufuta, kuzima au kubadilisha mtandao zipitiwe na mtu wa pili kabla ya kutolewa. Kazi ya huyo wa pili si kumdhania mwenzake ubaya, bali ni kuliona lile ambalo jicho lililozoea haliliona.

5. Kila mtu aingie kwa jina lake. Isiwe mafundi watano wanatumia jina moja la msimamizi mkuu na neno moja la siri. Ipo programu ya sudo, iliyobuniwa mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York mjini Buffalo, ambayo humruhusu mtu kutekeleza amri za kiutawala kwa jina lake mwenyewe na kuweka kumbukumbu ya aliyoyafanya.

6. Funguo zifuate watu. Mtumishi akihamishwa, akistaafu au akiacha kazi, ufunguo wake wa hadhara ufutwe katika kila seva siku hiyo hiyo. Ufunguo huo hauondoki wenyewe, na ukisahauliwa katika seva moja tu, mlango huo mmoja unabaki wazi.

7. Pawepo njia ya kurejea. Nakala rudufu ziwepo, na zijaribiwe kwa kurejeshwa kweli, kwani nakala ambayo haijajaribiwa ni tumaini tu. Amri inayogusa mtandao itanguliwe na agizo la kujirejesha: iwapo ndani ya dakika 10 msimamizi hakuthibitisha kuwa bado anaifikia seva, seva irudi yenyewe katika hali ya awali.

8. Pawepo mtu na ufunguo wa mlango. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na huduma ya intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Siku kama hiyo seva iliyo nchi za mbali huenda isifikike, na iliyo karibu itamhitaji mtu wa kuikalia. Kila kituo kiwe na mtumishi anayejulikana, aliyefundishwa hatua za mwanzo, na anayejua ufunguo wa chumba cha seva uko kwa nani.

WAJIBU WA WATUMISHI WASIO MAFUNDI

Ipo tabia katika baadhi ya afisi ya kuzima kila chombo jioni kwa nia njema ya kuokoa umeme. Kwa taa na feni tabia hiyo inastahili kusifiwa. Kwa seva ni kinyume, kwani kazi nyingi za matengenezo hufanywa usiku wakati wananchi hawahudumiwi. Seva iliyozimwa haisikii amri. Asubuhi ikiwashwa, huamka na programu ya zamani pembeni mwa wenzake waliokwisha kubadilishwa, nayo huwa mfano wa ile seva ya nane ya Knight Capital. Kwa hiyo seva isizimwe bila ya kumuarifu msimamizi wake, na ikizimika kwa kukatika umeme, aarifiwe pia.

Kadhalika, watumishi wanakumbushwa kwamba msimamizi wa kweli hahitaji neno la siri la mtu mwengine, kwa kuwa anao ufunguo wake mwenyewe. Mtu atakayepiga simu akijitambulisha kuwa ni fundi na kutaka neno lako la siri "ili aitengeneze seva", asipewe, na taarifa ipelekwe kwa mkuu wa idara.

KWA WANANCHI KWA JUMLA

Mwananchi anayefika dirishani na kuambiwa kwamba mfumo umesimama kwa matengenezo ana haki ya kukereka, kwani ametoka mbali na muda wake una thamani. Inafaa, hata hivyo, atafautishe baina ya kusimama kwa aina mbili. Kusimama kulikotangazwa mapema, kwa saa zinazojulikana, kwa kawaida ni dalili ya kazi inayokwenda hatua kwa hatua. Kusimama kwa ghafla, kusiko na maelezo wala muda, ndiko kunakopasa kuulizwa. Nao viongozi wa afisi wanapaswa kutoa tangazo kabla ya matengenezo, na kueleza kwa lugha nyepesi ni huduma ipi itakayosita na itarejea saa ngapi.

Amri moja yenye kutekelezwa na seva nyingi ni neema kwa visiwa vyenye mafundi wachache na bahari katikati yao. Lakini inazidisha kwa kiwango kile kile uzuri na ubaya. Kosa ambalo zamani lingeharibu daftari moja, leo huweza kuharibu madaftari yote kabla ya fundi kuondoa kidole chake katika kitufe. Kwa hiyo wakuu wa idara wanaombwa wawaulize mafundi wao maswali matatu kabla ya kila kazi ya namna hii: amri itazifikia seva zipi, tutajuaje kuwa zote zimeitekeleza, na tukikosea tutarudi vipi. Fundi aliyejitayarisha hatachukizwa na maswali hayo, kwa kuwa atakuwa ameshajiuliza mwenyewe. Pale ambapo jibu la swali mojawapo halijapatikana, kazi isubiri mpaka lipatikane.